Asilimia Thelathini

Maandishi ninayokusudia kuyahakiki katika sura hii hayazidi ukurasa mmoja. Mwandishi wake simjui, ila sahihi yake tu, nayo haisomeki. Hayakupigwa chapa kwa ajili ya wasomaji wengi. Yalihusu moyo wa mtu mmoja, na mtu huyo hakuweza kuyasoma. Ni majibu ya kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kile ambacho mahospitalini tumezoea kukiita eko, alichofanyiwa mjomba wangu, kaka yake mama, mkazi wa Igalula katika wilaya ya Uyui, mkoani Tabora.

Huenda ndugu msomaji akauliza: karatasi ya hospitali nayo huhakikiwa? Naam, huhakikiwa. Tunahakiki riwaya ambayo mtu akiisoma vibaya hapotezi kitu ila jioni yake. Karatasi hii ilisomwa vibaya, na mtu mzima mwenye akili zake aligawa ng'ombe, akaacha dawa na kuchagua mahali pa kaburi. Maandishi yenye nguvu ya namna hiyo yanastahili mhakiki kuliko mengi yanayojaza makabati yetu.

Nilifika Igalula msimu wa maembe. Wasioijua Igalula waelewe kwamba ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, iliyozungukwa na miombo, mizinga ya nyuki na mabani ya tumbaku. Kabla Wajerumani hawajaifikisha reli Tabora mwaka 1912, misafara kutoka pwani ilipita pande zetu hizi, Tura, Rubuga na Kigwa, kwenda Unyanyembe. Babu zetu walibeba mizigo katika njia hiyo. Mjomba naye maisha yake yote alikuwa mtu wa kupanda miti kutundika mizinga. Nilimkuta amekaa kitako juu ya kitanda cha kamba, mito mitatu nyuma ya mgongo, miguu imevimba kama ya mtu mwingine.

"Shikamoo mjomba. Mwangaluka."

"Marahaba, mpwa wangu. Umewahi. Nilidhani utakuja kwenye matanga."

Akamwagiza mkewe alete bahasha. Ililetwa ikiwa imefungwa ndani ya khanga, kama hati ya shamba. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Walinipima huko nilikopelekwa na vijana. Wakaniambia moyo wangu unafanya kazi asilimia thelathini. Nimepiga hesabu. Sabini zimekwenda. Mtu aliyebakiwa na thelathini hagombani na Mungu, anaanza kugawa."

Alikuwa amekwisha kugawa. Ng'ombe wanane walikwenda kwa watoto watatu. Vidonge aliviacha majuma mawili kabla sijafika. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Gari likiwa limekufa injini," alisema, "wewe unaendelea kulitilia mafuta?"

Hapana budi niseme jambo moja kabla ya kuendelea, nisije nikaonekana ninawashitaki wengine nami nimejiweka kando. Mimi ni tabibu mstaafu. Nilifanya kazi katika mikoa mingine, na katika miaka yangu ya mwisho kazini niliwatuma wagonjwa wengi wapimwe eko, nikayasoma majibu, nikawaeleza. Sentensi ile, "moyo wako unafanya kazi asilimia kadha," nimeisema mwenyewe mara ambazo siwezi kuzihesabu. Niliisema kwa nia njema na kwa haraka, foleni ikiwa ndefu mlangoni. Siku ile, juu ya kigoda cha mjomba, ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza kwa masikio ya anayeambiwa.

Basi niliifungua karatasi. Juu palikuwa na jina, umri na tarehe. Chini yake safu ya vipimo: upana wa chemba, unene wa kuta, kasi ya damu kupita katika valvu. Mwisho mistari minne ya maelezo, yote kwa Kiingereza, nusu yake vifupisho vya herufi mbili au tatu. Nikiyaweka kwa Kiswahili chetu yalisema hivi: chemba ya chini ya kushoto imetanuka, kuta zote zinajongea kwa udhaifu, usukumaji wa damu ni asilimia 30, valvu ni nzima, hakuna damu iliyoganda ndani ya moyo, hakuna maji kuuzunguka. Baada ya hapo sahihi.

Kwanza niisifu karatasi, maana mhakiki asiyeanza na sifa inayostahili huwa mchongezi. Tulioanza kazi kabla ya mashine hizi kuenea tunakumbuka tulivyokuwa tukibahatisha. Mgonjwa alikuja na pumzi fupi na miguu ya maji. Tulikuwa na masikio yetu, picha ya eksirei siku ambayo filamu zilikuwapo, na mazoea. Moyo ulioonekana mkubwa katika eksirei ungeweza kuwa misuli iliyotanuka, au valvu iliyoharibika, au moyo mzima uliozungukwa na maji. Nakumbuka kijana mmoja aliyeletwa kwangu akiwa amekwisha kuitwa mgonjwa wa moyo usiopona. Eko ilionyesha maji mengi kuuzunguka moyo, yakiubana usijae. Maji yalitolewa kwa sindano, akapewa dawa za kifua kikuu, na alipomaliza dozi alirudi kwenye baiskeli yake ya kubebea mkaa. Sikio langu peke yake lingemwacha afe. Kwa hiyo siandiki dhidi ya mashine.

Wala mashine yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya kutoa alama. Historia yake inafaa kukumbukwa. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz waliazima chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kukagua nyufa ndani ya chuma. Chombo hicho hupeleka sauti ambayo sikio la binadamu halisikii, na sauti ikigonga kitu hurudi, kama mwangwi wa mtu aitaye bondeni. Wakakielekeza kwenye kifua cha mtu. Edler alitaka kujua jambo moja mahususi: ni mgonjwa gani mwenye valvu iliyobana, ambaye mpasuaji anaweza kumsaidia. Swali la kwanza la mashine hii lilikuwa "ana ugonjwa gani, na tumfanyie nini?" Asilimia ilikuja baadaye, nayo imekua mpaka imelifunika swali lililoizaa.

Sasa tuitazame asilimia hiyo, maana ndiyo iliyomwua mjomba kabla ya kufa.

Chemba ya kushoto hujaa damu, kisha hukaza na kuisukuma mwilini. Haitoi yote, damu nyingine hubaki. Asilimia inayoandikwa ni sehemu ya damu iliyotoka, ikilinganishwa na iliyokuwamo chemba ilipojaa. Moyo wenye afya hutoa kama 55 mpaka 70 katika kila 100. Hakuna moyo unaotoa 100, na wala haupaswi. Kwa hiyo hesabu ya mjomba ilikosea tangu mstari wa kwanza. Alijipima na 100 ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuwa nayo. Mimi mwenyewe niliyekaa mbele yake, nikapimwa nikakutwa na 60, kwa hesabu yake ningekuwa nimekwisha kupoteza arobaini.

Lakini kosa la pili ni kubwa zaidi, na hili hata waliosoma hulifanya. Mjomba alidhani mwili wake unapata theluthi moja tu ya damu unayohitaji. Nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya bahasha tarakimu zilizokuwa kwenye safu ya vipimo. Chemba yake ilipojaa ilikuwa na mililita 190. Ilipokaza zilibaki 133. Zilizotoka ni 57, nazo ni asilimia 30 ya 190. Kisha nikaandika za mtu mwenye afya: chemba inajaa mililita 100, zinabaki 43, zinatoka 57. Asilimia 57. Mjomba alizitazama 57 mbili, moja chini ya nyingine, kwa muda mrefu.

"Mbona sawa?" akauliza.

Nilimweleza kwa mizigo, kwa kuwa ndiyo lugha ya njia yetu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili. Tuseme ghala moja lina frasila tatu na nusu, mpagazi akatoa mbili. Ghala jingine lina frasila saba, mpagazi akatoa zile zile mbili. Wa kwanza ametoa zaidi ya nusu ya ghala, wa pili hakufikisha hata theluthi. Lakini tajiri anayengoja Bagamoyo amepokea frasila mbili kwa kila mmoja. Moyo wako, mjomba, umelipanua ghala ili mzigo usipungue. Umefanya hivyo kwa miaka, kimya kimya, bila kukuambia.

Sikumdanganya kwamba hana ugonjwa. Ghala lililopanuliwa lina gharama yake. Kuta zinavutika na kuchoka, na damu inayobaki hurundikana, msongo wake ukarudi nyuma mpaka mapafuni. Ndiyo maana alala akikaa. Tena mtu akipanda mti au akitembea kwa haraka, mwili hudai mzigo mkubwa kuliko wa kukaa kitini. Moyo wa afya una akiba ya kuongeza, wake hauna. Hayo yote ni kweli na ni mazito. Lakini ni habari nyingine kabisa na ile ya sabini zilizokwenda.

Kisha kuna jambo la mkono. Tarakimu yenye sura ya uhakika namna hii mara nyingi hupatikana kwa mtu kuchora kwa mkono ukingo wa chemba katika picha yenye ukungu, moyo ulipojaa na ulipokaza, na mashine kupiga hesabu. Wengine hukadiria kwa jicho tu. Wapimaji wawili wazuri, siku moja, kwa mgonjwa mmoja, huweza kuachana kwa pointi tano mpaka kumi. Mpimaji analijua hilo, kwake 30 maana yake ni "usukumaji umepungua sana." Karatasi hailisemi. Inaandika 30 kwa wino ule ule ulioandika jina na tarehe ya kuzaliwa, na anayeipokea huichukua kama bei iliyopimwa kwenye mizani ya ushirika.

Nafika sasa kwenye kiini cha uhakiki wangu. Asilimia hii ina kazi yake halali, na kazi hiyo ni kufungua mlango wa dawa. Kwa utaratibu uliokubaliwa kimataifa mwaka 2021, wagonjwa ambao moyo umeshindwa hugawanywa katika makundi: wenye asilimia 40 kushuka chini, wenye 41 mpaka 49, na wenye 50 kupanda juu. Mgawanyo huo haukufanywa ili kujua nani atakufa mwanzo. Umefanywa kwa sababu dawa zilizothibitika kurefusha maisha zilijaribiwa zaidi kwa kundi la chini. Mwaka 1987 ilitolewa taarifa ya utafiti uliofanywa katika nchi za Skandinavia, uliohusu wagonjwa 253 waliozidiwa kabisa. Katika miezi sita, miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 44 katika kila 100. Miongoni mwa waliopewa enalaprili walikufa 26. Mwaka 1999 zikafuata taarifa za spironolaktoni na bisoprololi, zilizojaribiwa kwa watu wenye asilimia 35 kushuka chini. Miaka ya karibuni imeongezeka dapagliflozini. Moyo uliotanuka, ukipewa dawa hizi kwa uvumilivu, mara nyingi hupungua upana na kurudisha nguvu kwa kiasi.

Tazama basi lililompata mjomba. Miongoni mwa vidonge alivyopewa vilikuwamo enalaprili na spironolaktoni. Tarakimu 30, ikisomwa kama ilivyokusudiwa, ilimaanisha: huyu ni katika wale ambao dawa hizi zimethibitika kuwasaidia zaidi, asiziache. Yeye aliisoma kama alama ya mtihani, nayo ikamwambia: umeshindwa, dawa za nini? Tarakimu moja ilikuwa hoja ya kumeza vidonge na ikageuka hoja ya kuvitupa. Hakukuwa na sentensi moja katika ukurasa ule ya kumzuia asigeuze.

Wala asilaumiwe yeye. Sisi ndio tuliowafundisha Watanzania wote, tangu darasa la kwanza, kwamba tarakimu iliyo juu ya 100 ni hukumu ya aliyefaulu na aliyeshindwa. Kisha tukampelekea mzee tarakimu ya namna hiyo, tukaiita "kufanya kazi," na ugonjwa wenyewe tukauita "moyo kushindwa." Yeye aliunganisha tu maneno tuliyompa. Jina hilo la ugonjwa nalo lina lake la kujibu. Ukimwambia mtu moyo wake umeshindwa, atafahamu kwamba vita vimekwisha. Ningependa tuseme moyo umeelemewa. Aliyeelemewa hutuliwa mzigo, akaendelea na safari.

Upande wa pili wa kosa hili nimeushuhudia pia, na hapo mkosaji nilikuwa mimi. Alikuja mama mmoja mnene, mwenye presha ya miaka mingi, akilalamika kwamba akipanda kilima cha kwao pumzi humwishia na usiku huamka akihema. Nikampeleka eko. Majibu: asilimia 62. Nikamwambia kwa furaha, "Mama, moyo wako ni mzuri," nikamtafutia pumu. Karatasi ile ile, mistari miwili juu ya hiyo 62, iliandika kwamba kuta za moyo zimenenepa na chemba ya juu ya kushoto imepanuka. Moyo wake ulikuwa unakaza vizuri ila haulegei vizuri. Ukuta mgumu haukubali kujaa bila msongo, na msongo ulikwenda mapafuni. Mioyo ya namna hiyo ni mingi, hasa kwa wenye presha isiyotibiwa. Mimi niliruka mistari miwili nikaikimbilia tarakimu. Alirudi baada ya miezi mitatu akiwa amebebwa. Mjomba aliangamizwa na tarakimu mbaya, mama huyu na tarakimu nzuri, na kosa la usomaji ni moja.

Karatasi ya mjomba inakosa jambo jingine, nalo ni chanzo. Imeeleza moyo ulivyo, haikueleza umefikaje hapo. Kwetu chanzo si jambo la kupamba taarifa. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ukiongozwa na daktari Abel Makubi, na kutangazwa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na zaidi ya nusu walikuwa wanawake. Kwa asilimia 45 chanzo kilikuwa shinikizo la damu, kwa 28 magonjwa ya misuli ya moyo, kwa 12 valvu zilizoharibiwa na ugonjwa unaoanzia kwenye koo la utotoni, na kwa 9 tu mishipa ya moyo kuziba. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya watu hawa walifikishwa pale na ugonjwa unaoweza kupimwa kwa mpira wa kufunga mkononi, katika zahanati yoyote, miaka kumi kabla.

Nilimuuliza mjomba kama aliwahi kuambiwa ana presha. Akasema ndiyo, zamani, wakati wa kampeni fulani kijijini. Alipewa vidonge vya mwezi mmoja, vikaisha, naye alijisikia mzima. Habari hiyo haimo katika karatasi. Aliyepima hakuiuliza, au aliiuliza asiiandike. Lakini ndiyo iliyopaswa kuwa mstari wa kwanza, maana watoto wake watatu waliogawiwa ng'ombe hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mmoja. Niliwapima jioni ile ile. Mkubwa alikuwa na 170 juu ya 105. Moyo wa baba ulikuwa umemwandikia barua, na barua haikumfikia.

Najua watakachosema wenzangu wa taaluma. Watasema karatasi ile haikuandikwa kwa ajili ya mgonjwa. Daktari humwandikia daktari mwenzake, na lugha ya kitaalamu huokoa muda na kuzuia makosa. Hoja hii ina uzito. Sitaki mpimaji aache vifupisho vyake na kuandika ngano. Lakini tuulize: daktari huyo mwenzake yuko wapi? Mjomba alipimwa mbali, akapewa bahasha, akapanda gari kurudi Igalula. Kutoka siku ile mpaka nilipofika mimi, waliokuwa na karatasi ile mikononi ni yeye, mkewe, na kijana wa kidato cha pili aliyeombwa kutafsiri. Huko ndiko ilikosomwa. Mwandishi anayejua maandishi yake yatasomwa na nani, kisha akaandika kana kwamba hajui, hawezi kujitetea kwa kusema hakuwakusudia.

Watasema pia kwamba kueleza ni kazi ya mdomo, na muda hautoshi. Muda nilikuwa nao kidogo vile vile, naujua. Lakini ile sentensi yetu ya asilimia inachukua muda sawa na sentensi iliyo bora kuliko hiyo. Tuliizoea kwa sababu inatupa sisi nafuu: mgonjwa akitajiwa tarakimu hunyamaza, na foleni husogea.

Jambo hili litazidi kuwa kubwa, wala halitapungua. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa mwaka 2015 huko Muhimbili, wataalamu wa moyo wameongezeka, nao hutoka Dar es Salaam kwenda mikoani kupima watu katika utaratibu unaoitwa tiba mkoba. Mashine zimekuwa ndogo. Zipo za kushikwa mkononi. Watu waliokuwa wakifa bila kujulikana ugonjwa wao sasa watapimwa, na hiyo ni neema. Lakini kila anayepimwa atatoka na karatasi, na kila karatasi itasafiri kwenda Igalula yake. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mashine imetupa macho, lakini mwenye moyo wenyewe bado hajaambiwa kilichoonekana.

Ninachodai ni kidogo. Chini ya sahihi, iwepo mistari michache ya Kiswahili yenye mambo manne: nini kimeonekana, chanzo kinachodhaniwa, nini kifanyike, na lini urudi. Jioni ile niligeuza karatasi ya mjomba nikaandika mgongoni mwake maneno haya: "Chemba ya kushoto ya moyo wako imetanuka, yaelekea kwa sababu ya presha ya muda mrefu. Moyo wenye afya husukuma 55 mpaka 70 katika kila 100, wako unasukuma 30. Zipo dawa za kuusaidia na kurefusha maisha. Usiziache hata ukijisikia vizuri. Punguza chumvi. Miguu ikivimba zaidi au pumzi ikikata, usingoje. Pimwa tena baada ya miezi mitatu mpaka sita. Watoto wako wapimwe presha." Nilipomaliza nilihesabu: yalinichukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai.

Mjomba alimwita yule kijana wa kidato cha pili, akamwamuru asome kwa sauti. Alisoma mara mbili. Mjomba akanyamaza, kisha akamwambia mkewe alete vidonge.

Alipimwa tena miezi sita baadaye. Nilikuwapo Igalula alipotoka Tabora na bahasha mpya. Safari hii ilikuwa 37. Aliingia uani akitembea mwenyewe, akaketi chini ya mwembe.

"Zimeongezeka saba," akasema. "Nimefaulu?"

Nikamkumbusha kwamba saba ni ndogo kiasi kwamba mkono wa mpimaji peke yake ungeweza kuileta. Nikamuuliza ametoka stesheni kwa miguu au kwa pikipiki.

"Kwa miguu."

"Umepumzika mara ngapi?"

Akafikiri. "Mara moja. Nilikutana na mtu anayenidai."

Hayo ndiyo majibu niliyoyaandika katika daftari langu siku hiyo, kabla ya tarakimu.

Lakini sitaki msomaji aifunge sura hii akidhani mambo yote yalirekebishwa. Ng'ombe hawakurudi. Wawili walikuwa wamekwisha kuuzwa mnadani, na mtoto aliyewauza alisema kwa haki kabisa kwamba alipewa na baba yake mbele ya mashahidi. Mzee aliyekuwa na zizi sasa anaomba maziwa kwa wanawe, na wao kwa wao hawazungumzi vizuri kuhusu nani alipata madume. Moyo umepata nafuu, nyumba haijapata. Mizinga yake inatundikwa na watu wengine kwa nusu ya asali. Na wale ambao hawana mpwa tabibu wa kuja msimu wa maembe, sijui ni wangapi waliokwisha kugawa na kulala, wakingoja sabini ziwafuate thelathini, vidonge vikiwa ndani ya kopo juu ya kabati.

Karatasi zote mbili ninazo. Ya kwanza imechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi na watu wasioweza kuisoma. Kila nikiitazama najisomea jina langu mahali palipo na ile sahihi isiyosomeka.